Milango iliwekwa kwa ajili ya moto

Ndugu zangu wafanyakazi, habari za jioni. Asanteni kwa kunipa nafasi, naona wengine mmetoka kazini moja kwa moja hata pumzi hamjavuta vizuri, kwahiyo sitawachosha na itifaki, naingia kwenye lililonileta, yaani mwajiri kutufuatilia tukiwa kazini.

Mimi miaka mingi nimekuwa mtu wa IT. Sio mwanasheria, niliseme hilo mapema, sheria nimezisoma kwa sababu kazi ilinifikisha mahali nikaona lazima nizisome, na nilizisoma nikiwa nimeshachelewa. Nyie watu wa IT mnatujua kama wale jamaa mnaowapigia mkisahau nywila au printa ikigoma. Ila kuna upande wa pili wa ile kazi ambao huwa hatuusemi, sisi ndio tunaoona. Bosi akitaka kujua jana ulifanya nini hahitaji mpelelezi, ananipigia mimi. Nakaa kwenye kiti changu, naandika amri mbili tatu, na siku yako nzima inatoka kwenye karatasi.

Niwape kisa kimoja kwanza, na ni cha kwangu mwenyewe.

Kuna ofisi niliwahi kufanya kazi, ikawekwa milango ya kadi. Kila mtu kadi yake, unagusa mlango unafunguka. Tuliambiwa, na kwenye kikao hicho mimi nilikuwepo, kwamba ni kwa ajili ya moto, yaani ikitokea hatari tujue nani bado yuko ndani na nani ameshatoka, wazimamoto wasije wakahatarisha maisha yao kumtafuta mtu ambaye yuko nje amesimama na wenzake. Sababu nzuri kabisa, hakuna aliyepinga, mi mwenyewe niliisifia. Ukapita kama mwaka hivi na kitu. Meneja mmoja akanifuata akaniuliza, hivi ile milango inaweka kumbukumbu? Nikamwambia ndio. Mpaka dakika? Nikamwambia mpaka sekunde. Akasema basi nitolee ya fulani, miezi miwili ya nyuma. Sasa kwenda chooni pale ilikuwa lazima upite mlango wa kadi. Ile ripoti haikunichukua hata dakika tano na sikuuliza swali hata moja.

Wiki iliyofuata yule dada akaitwa ofisini, karatasi iko mezani imepigwa mistari ya njano, unatoka mara nyingi kwa siku kuliko wenzako, jumla ya dakika zako hizi hapa, tueleze. Na yeye alikuwa mjamzito. Miezi michache tu, hajamwambia mtu yeyote pale kazini, alikuwa anasubiri wakati wake wa kusema kama mwanamke yeyote anavyostahili kuuchagua mwenyewe. Ikabidi aseme pale pale, mbele ya wanaume wawili na karatasi, ili aeleze kwanini anaenda chooni.

Nimelifikiria hilo jambo miaka na miaka. Na kinachonisumbua zaidi ni kwamba kwenye kile kikao cha mwanzo hakuna mtu aliyedanganya. Milango kweli iliwekwa kwa ajili ya moto. Ila ile data iliachwa imekaa, hakuna aliyesema itakaa mpaka lini, hakuna aliyesema nani anaruhusiwa kuiomba, hakuna aliyesema ni marufuku kuitumia kwa jambo lingine, na data ikikaa siku moja kuna mtu anapita anaiona anasema aah kumbe na hii tunaweza kuitumia. Hilo ndilo nililokuja kuwaambia leo. Watu wengi wanauliza ninaonwa au sionwi, na kwa kazi za siku hizi jibu karibu kila mara ni kwamba unaonwa. Nyie ulizeni naonwa kwa sababu gani, na hiyo sababu imefungwa wapi.

Sasa niwaambie kwa uwazi tunaona nini, maana wengi mnakisia na kukisia kunaleta hofu ya bure kwa upande mmoja na kujiachia kwa bure kwa upande mwingine.

Kompyuta ya kazini ichukulie kwamba inaweza kuonwa yote. Kuna programu zinahesabu umebonyeza kibodi mara ngapi kwa dakika, nyingine zinarekodi ulichobonyeza herufi kwa herufi, nyingine zinapiga picha ya skrini kila baada ya dakika kadhaa na kuituma kwenye seva, nyingine zinaweza kuwasha kamera. Barua pepe ya kazini inakaa kwenye seva ya kampuni, ukifuta kwako haimaanishi imefutika kule. Zile meseji za ndani za ofisi, hata zile mnazoandikiana wawili mkidhani mko wawili, msimamizi wa mfumo mara nyingi ana njia ya kuzitoa zote kwenye faili moja. Alafu lile kufuli dogo linalokaa pembeni ya anwani ya tovuti, wengi mnaamini likiwepo basi hakuna anayeona katikati. Kwenye kompyuta ya kampuni inawezekana kampuni imeweka cheti chake yenyewe ndani ya mashine, yaani kitambulisho cha kidijitali ambacho mashine inakiamini, mawasiliano yako yanafunguliwa njiani, yanakaguliwa, yanafungwa tena, na lile kufuli unaliona vile vile. Kwahiyo ukiingia benki yako au ukisoma majibu ya daktari kwenye mashine ya kazi, ujue hilo.

Simu yako binafsi ni habari nyingine na hapa inategemea. Ukiunganisha barua pepe ya kazi kwenye simu yako na ikakuuliza unaruhusu kampuni isimamie kifaa hiki, soma. Soma kweli, usibonyeze tu ndio ndio ndio. Kuna mpangilio ambao unaiwekea kazi chumba chake ndani ya simu na kampuni haioni picha zako wala meseji zako za nyumbani. Na kuna mpangilio ambao kampuni inaweza kuifuta simu nzima kwa mbali siku ukiacha kazi, pamoja na picha za wanao. Yote mawili yanaanza na kitufe kimoja kinachofanana.

Hapo sijataja GPS ya gari, skana ya stoo, kamera za ukutani na mashine ya alama za vidole ya kusaini asubuhi. Vidole nitavirudia.

Watu wengine wataniambia, kaka, laptopu si ya kampuni, umeme wa kampuni, intaneti ya kampuni, muda wa kampuni, kwani unalalamika nini. Hoja hii nimeisikia mara nyingi na kuna wakati mi mwenyewe niliitumia. Lakini hata kiti ni cha kampuni, na mtu aliyekikalia si wa kampuni. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu kule Strasbourg ilishalisema mwaka 1992 kwenye kesi ya Niemietz dhidi ya Ujerumani, kwamba maisha binafsi ya mtu hayaishii mlangoni mwa ofisi, kwa sababu ni kazini ndipo watu wengi wanapopata nafasi kubwa ya kujenga mahusiano na watu wengine. Hebu hesabu mwenyewe saa zako za kuwa macho, nyingi unazitumia wapi? Mtu akikuambia faragha yako ianze saa kumi na moja jioni amekuachia faragha ya kulala.

Miaka mitano baadae, 1997, ikaja kesi ya Alison Halford. Huyu mama alikuwa mmoja wa maafisa wa juu kabisa wa polisi wa Merseyside Uingereza, akafungua malalamiko kwamba ananyimwa vyeo kwa sababu ni mwanamke. Simu za ofisini kwake zikawa zinasikilizwa, na mahakama ikaona kuna kila sababu ya kuamini zilisikilizwa ili upande wa pili upate maneno ya kujitetea kwenye yale malalamiko yake. Serikali ikajitetea kwamba simu ya ofisi haina faragha. Mahakama ikakataa, akashinda, akalipwa pauni 10,000. Mnaona hapo kilichotokea? Chombo cha kazi kimegeuzwa kuwa silaha ya mgogoro na mfanyakazi yule yule, na aliyekigeuza ni yule anayelalamikiwa.

Ila kesi ambayo nataka mtoke nayo leo ni ya Bărbulescu dhidi ya Romania. Jamaa alikuwa mhandisi wa mauzo kwenye kampuni binafsi, akaambiwa afungue akaunti ya Yahoo Messenger kwa ajili ya kujibu wateja. Kanuni za kampuni zilikataza kutumia vifaa vya kazi kwa mambo binafsi, na hilo alikuwa anajua. Julai 2007 wakarekodi mazungumzo yake kwa siku kama nane, alafu wakamwita wakamuuliza umetumia hii akaunti kwa mambo yako? Akasema hapana, kazi tu. Wakamletea kurasa 45. Mazungumzo na kaka yake, na mchumba wake, mengine ya mambo ya afya na ya faragha ya mapenzi, yote yamechapwa. Tarehe 1 Agosti akafukuzwa.

Akaenda mahakama za kwao akashindwa. Akaenda Strasbourg, Januari 2016 majaji wa mwanzo nao wakasema mwajiri hakukosea. Watu wengi wanaishia hapo, nimewahi kukuta mpaka mafunzo ya mameneja yanafundisha hiyo hukumu ya 2016 kana kwamba ndio ya mwisho, na sio ya mwisho. Tarehe 5 Septemba 2017 jopo kubwa la majaji 17 likaigeuza, 11 kwa 6. Wakasema maagizo ya mwajiri hayawezi kuyafanya maisha ya kijamii ya mtu kazini yawe sifuri. Alijua kwamba ni marufuku, sawa, ila je aliambiwa kabla kwamba wataingia na kusoma yaliyomo? Walikuwa na sababu gani ya msingi ya kufungua maneno yenyewe? Hakukuwa na njia nyingine isiyoumiza kiasi hicho? Majaji wa kule nyumbani hawakuyapima hayo maswali sawasawa, na ndio maana akashinda.

Angalieni hiyo tofauti maana ni kubwa. Kujua kitu kimekatazwa na kujua unasomwa ni mambo mawili. Ukiambiwa usipige simu binafsi haina maana umekubali mtu akae kwenye laini.

Sasa nisije nikaonekana nasema mwajiri hana haki yoyote, hapana, hilo sio kweli na mkienda kubishana mkiwa na hoja hiyo mtashindwa. Dereva wa lori la mafuta kufuatiliwa mwendo wake, mimi naunga mkono, tena kwa nguvu, kwa sababu ni uhai wake na wa wengine barabarani. Simu za wateja wa benki kurekodiwa na mteja ameambiwa, sawa. Hata kamera za siri kuna wakati mahakama imezikubali. Kesi ya López Ribalda dhidi ya Hispania, hukumu ya Oktoba 2019: supamaketi ilikuwa inapoteza maelfu ya euro kila mwezi, meneja akaweka kamera zinazoonekana na watu wakaambiwa, na nyingine zilizofichwa zikielekea kwenye kaunta za malipo. Zikawanasa watu wakiiba bidhaa, watu 14 wakafukuzwa. Wafanyakazi watano wakaenda Strasbourg, wakashindwa kwa kura 14 kwa 3.

Kwanini walishindwa pale ambapo mwenzao wa Romania alishinda? Kulikuwa na tuhuma za kweli za wizi, tena mkubwa, tena unaonekana ni wa watu wengi kwa pamoja. Kamera ziliangalia kaunta tu, mahali ambapo kila mteja anapita anakuona. Zilikaa siku kumi, wezi walipojulikana zikaisha. Waliotazama walikuwa wachache. Na majaji waliongeza jambo ambalo nawaomba mlishike, kwamba faragha inapanda na kushuka kulingana na mahali, chooni na sehemu ya kubadilishia nguo iko juu kabisa kiasi kwamba hata marufuku kamili ya kamera ina haki, ofisi iliyofungwa iko juu, sehemu ya wazi ya wateja iko chini. Mimi binafsi ile hukumu bado inanipa shida kidogo kwa sababu wale watu hawakuambiwa chochote kuhusu zile kamera za siri, ila naielewa. Ilikuwa na sababu moja, mahali pamoja, siku za kuhesabika. Ile ripoti ya milango niliyoitoa mimi haikuwa na hata kimoja katika hivyo.

Nitoke mahakamani kidogo nije kwenye mashine zinazopima kazi, maana naona kuna watu wa stoo hapa na watu wa kupokea simu, na nyie ndio mnaumia zaidi.

Mwishoni mwa Desemba 2023 mamlaka ya ulinzi wa data ya Ufaransa, CNIL, iliipiga faini ya euro milioni 32 kampuni inayoendesha maghala ya Amazon nchini humo. Amazon walipinga vikali, wakasema vipimo vile ni vya kawaida kwenye sekta yao. Ila sikilizeni CNIL walichokuta. Kila mfanyakazi ana skana mkononi, na skana inatoa vipimo. Kipimo kimoja kinakuonyesha kama umeskani bidhaa haraka mno, chini ya sekunde 1.25 tangu ile iliyopita. Kingine kinahesabu skana ikikaa kimya dakika kumi au zaidi. Kingine kinanasa ukatizaji mdogo mdogo, kati ya dakika moja na kumi. Yaani ukienda haraka umekosea, ukisimama umekosea, na katikati hapo unatakiwa uwe tayari kuieleza kila dakika yako. Na vipimo hivyo vyote vilikuwa vinatunzwa siku 31 kwa kila mtu, mpaka vibarua wa muda. CNIL hawakusema skana ni haramu. Skana inatakiwa, mzigo lazima ujulikane uko wapi. Walichosema ni kwamba kumfuatilia mtu kwa undani namna ile na kwa muda ule kumezidi kinachohitajika kuendesha ghala. Ndio yale yale ya milango yangu, skana iliwekwa kwa ajili ya mzigo ikaishia kumhesabu binadamu.

Na mashine ina upofu wake ambao watu hawausemi. Mashine inahesabu kinachohesabika. Mhasibu aliyekaa kimya nusu saa anatafuta kosa kwenye vitabu, kwa ile programu ya kibodi huyo hayupo kazini. Mtu wa huduma kwa wateja aliyetumia dakika kumi na tano kumtuliza mteja aliyefiwa, kwa mashine huyo ni mvivu, na yule aliyemkatia mteja simu ndani ya dakika mbili ni hodari. Matokeo yake watu wanaanza kuifanyia kazi mashine badala ya kuifanya kazi, wanasukuma kipanya ili taa ya kuonyesha wako kazini ibaki kijani, na waajiri nao wananunua programu ya kumnasa anayesukuma kipanya. Mwaka 2024 benki moja kubwa Marekani, Wells Fargo, iliwaachisha kazi zaidi ya watu kumi na wawili kwa tuhuma za kuigiza kwamba wanabonyeza kibodi. Kudanganya ni kudanganya, siwatetei, lakini mi nauliza kwanini kulikuwa na kitu cha kuigiza. Kama kazi ingepimwa kwa kilichofanyika, kusukuma kipanya kusingemsaidia mtu.

Shirika la Kazi Duniani, ILO, lina mwongozo wake wa kulinda taarifa binafsi za wafanyakazi, ulichapishwa 1997. Sio sheria ya kumfunga mtu, lakini nilipousoma mara ya kwanza nilinyamaza kwa muda mrefu. Unasema taarifa zitumike kwa sababu ile tu iliyofanya zikusanywe. Unasema data iliyokusanywa kwa ajili ya usalama na uendeshaji wa mifumo isitumike kudhibiti mienendo ya wafanyakazi. Unasema taarifa za ufuatiliaji wa kielektroniki zisiwe kigezo pekee cha kumpima mtu. Na unasema mfanyakazi hawezi kuisalimisha haki yake ya faragha hata akisaini. 1997! Kabla wengi wetu hatujawa na simu ya mkononi. Kila kosa nililolifanya mimi lilikuwa limeshaandikwa.

Hilo la kusaini naomba nilikazie. Siku ya kwanza kazini unapewa rundo la fomu, saini hapa, saini hapa, na hapa, na unataka kazi, utasaini. Baadae unaambiwa si ulikubali. Wasimamizi wa data wa Ulaya wameliona hili na ndio maana chini ya sheria yao ya kulinda data, GDPR, iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, ridhaa ya mfanyakazi kwa mwajiri wake inatazamwa kwa mashaka makubwa, kwa sababu ridhaa ya mtu asiyeweza kusema hapana haina uzito. Mwajiri anatakiwa awe na sababu inayosimama yenyewe, hata saini yako isingekuwepo.

Na msidhani haya ni ya huko kwa wenzetu tu. Katiba ya Kenya ya 2010 ina ibara ya 31 ya faragha, na sheria ya ulinzi wa data ikapitishwa 2019. Tanzania sheria yake ya ulinzi wa taarifa binafsi ni ya 2022, ikaanza kutumika Mei 2023. Uganda wanayo tangu 2019, Rwanda tangu 2021. Zote zina ile kanuni ya kwamba taarifa zikusanywe kwa lengo lililo wazi na halali. Hazimtaji meneja na milango ya kadi, lakini meneja na milango ya kadi wamo humo. Marekani kwa upande wao wako nyuma kwa hili, hakuna sheria moja ya nchi nzima ya namna hii, na mwajiri ana uhuru mkubwa, japo majimbo yanaanza kusogea. New York tangu Mei 2022 mwajiri anayefuatilia barua pepe, simu au intaneti ya wafanyakazi lazima amwambie mfanyakazi kwa maandishi anapoajiriwa, na mfanyakazi athibitishe ameambiwa. Ni hatua ndogo, ila kuambiwa ndio mwanzo wa kila kitu kingine.

Nilisema nitarudi kwenye vidole. Nywila ikiibiwa unabadilisha. Kadi ikipotea unapewa nyingine. Kidole? Uso? Huo uso utakufa nao. Februari 2024 kamishna wa taarifa wa Uingereza aliiamuru kampuni ya Serco Leisure na washirika wake waache kutumia sura na alama za vidole kuhesabu mahudhurio, watu zaidi ya 2,000 kwenye vituo 38 vya michezo, kwa sababu wafanyakazi hawakupewa kwa uwazi njia nyingine na kazi yenyewe ya kujua nani amefika saa ngapi ingeweza kufanywa kwa kadi ya kawaida. Kwahiyo mkiletewa mashine ya kidole ulizeni hivi, kadi ina shida gani? Swali dogo tu. Kama wana jibu zuri watalitoa. Na Ulaya tangu Februari 2025 wamepiga marufuku kabisa mifumo ya akili bandia inayodai kusoma hisia za mfanyakazi usoni au kwenye sauti, isipokuwa kwa sababu za tiba au usalama. Maana ilishafika huko, mashine ikuambie leo hukutabasamu vya kutosha.

Alafu kuna kitu kinaitwa kumbukumbu za kawaida, hakina kamera wala nini, na ndicho kinaweza kuumiza kuliko vyote. Kwenye kituo cha huduma cha kampuni ya nguo ya H&M huko Nuremberg Ujerumani, angalau tangu 2014, viongozi walikuwa wanafanya mazungumzo na mtu akirudi likizo au akirudi kuumwa, karibu tena, habari za safari, unaendeleaje. Maneno ya upole kabisa. Alafu yakawa yanaandikwa. Ugonjwa, dalili, matatizo ya ndoa, imani ya dini, yanakaa kwenye mtandao wa ndani, mameneja mpaka 50 wanaweza kuyasoma, na yanatumika kuamua mambo ya ajira ya mtu. Oktoba 2019 mpangilio wa kompyuta ukakosewa, kwa saa kadhaa kampuni nzima ikawa inaweza kuyaona, ndio ikajulikana. Faini ilikuwa euro milioni 35.3, kampuni ikaomba radhi na ikakubali kuwalipa wafanyakazi. Kila nikikumbuka hiyo habari nawaza yule mtu aliyeulizwa unaendeleaje akadhani ameulizwa na binadamu mwenzake.

Sasa mfanye nini. Mwajiri akija na mfumo mpya, msianze na kukataa, anzeni na kuuliza, na mwulize mkiwa wengi kupitia chama chenu au kamati, kwa maandishi, kwa sababu mmoja akiuliza peke yake anaonekana ana kitu anachoficha. Unakusanya nini hasa. Kwa sababu gani, iandike. Itakaa muda gani kabla haijafutwa. Nani kwa cheo chake ana ruhusa ya kuiomba, na akiiomba inaandikwa mahali? Na ombeni sentensi moja iongezwe kwenye sera, kwamba ikitaka kutumika kwa jambo lingine lolote mtaambiwa kwanza. Hiyo sentensi moja ingekuwepo pale kwetu, yule dada angesema habari yake siku aliyoitaka yeye. Na kelele zinasaidia jamani, mwaka 2020 Microsoft walitoa kipimo kilichokuwa kinamwonyesha meneja takwimu za matumizi ya mfanyakazi mmoja mmoja kwa jina, watu wakapiga kelele, na haikupita wiki nyingi Desemba wakayaondoa majina.

Na mna haki ya kuomba kuona mlichoandikwa. Kwenye nchi nyingi zenye hizi sheria unaandika barua, naomba nakala ya taarifa zangu mlizonazo, wana muda maalum wa kukujibu. Wachache sana wanaitumia hii haki. Tumieni.

La mwisho ni kwa wenzangu wa IT, najua mpo, nawaona mmekaa pamoja pale kama kawaida yetu. Sisi ndio mlango wenyewe. Bosi hana nywila ya seva, sisi tunayo. Baada ya lile jambo nilimtafuta yule dada nikamwambia ni mimi niliyeitoa ile ripoti. Hakunigombeza, aliniuliza tu kama nilijua ni ya nini, nikamwambia sikuuliza. Tangu hapo nikajiwekea utaratibu, mtu akija kwa mdomo nitolee ya fulani, namwambia hakuna shida, niandikie kwa barua pepe unataka nini na kwa sababu gani, nakala nimwekee HR, nikiipata naanza. Sibishani wala simhubirii mtu.

Miezi michache baadae yule yule meneja alirudi, safari hii alitaka barua pepe za kijana mmoja. Nikamwambia niandikie sababu. Akasema sawa nitakuandikia nikifika mezani. Ile barua haikuja, na barua pepe za yule kijana hazikufunguliwa.

Haya, tuingie kwenye maswali, naona mkono kule nyuma.